Mkono wa Wifi Yangu

Machi 3, Jumatatu

Muuguzi wa zahanati amekunja uso alipoona kipimo changu cha sukari. Amesema vidonge peke yake havitanifikisha mbali. Ameniagiza mambo mawili: nijiunge na akina mama wanaofanya mazoezi asubuhi kwenye uwanja wa shule, na niwe naandika kila nilichofanya, nisije nikamdanganya siku ya kurudi. Daftari jipya sina, kwa hiyo naandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Mbele kuna viuno vya watu, nyuma kitakaa changu.

Machi 5, Jumatano

Mawingu tangu alfajiri, mvua hakuna. Tulikuwa wanawake kumi na wawili. Anayetufundisha ni mwalimu wa michezo wa shule hiyo, mwanamke mwembamba aliyewahi kuwa mkimbiaji, filimbi haimtoki shingoni. Wote wanamwita Kipenga. Tulizunguka uwanja mara tatu kwa mwendo wa kasi, tukanyoosha mikono, kisha tukaanza kuchuchumaa na kuinuka. Mara ya sita niliona nyota na jua limeshachomoza.

Nikajitetea kwamba magoti yangu si legelege, maana mimi ndiye kiongozi wa maombi wa akina mama kanisani, mwaka wa nane sasa, na naweza kupiga magoti saa nzima bila kusogea. Kipenga akasema, "Kupiga magoti umejua, mama. Sasa tunajifunza kuinuka."

Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Lakini neno hilo nimekaa nalo kwenye cherehani mpaka jioni.

Machi 6, Alhamisi

Siwezi kushuka ngazi za mlangoni bila kushika ukuta. Binti yangu ananiita bibi harusi kwa jinsi ninavyotembea.

Machi 7, Ijumaa

Leo amekuja Wifi.

Ngoja niandike, maana muuguzi anasoma namba tu. Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Anafundisha chekechea, na ndiye mpiga kinanda wa kanisa letu. Miaka sita iliyopita, siku ya mazishi, watu wamejaa uani, alinigeukia akasema, "Kaka yangu amekohoa miezi mitatu, na wewe unashona." Hakupaza sauti. Hakuna ambaye hakusikia.

Nami nilikuwa nashona kweli. Nilikuwa na majoho arobaini ya kwaya. Mume wangu alisema ni vumbi la kazini, nikamwambia aende hospitali, akasema kesho, nikarudi kwenye majoho. Hiyo ndiyo sababu maneno yale hayajapoa hadi leo: yalikuwa na ukweli ndani yake, kama mfupa ndani ya tonge la nyama.

Tangu hapo tunasalimiana kwa sababu watu wanatutazama. Yeye ana presha, muuguzi yuleyule kamtuma. Nilimwambia hujambo wifi, akasema sijambo wifi, akaenda kusimama mwisho wa mstari.

Machi 10, Jumatatu

Mvua ya kwanza. Tumefanyia mazoezi kwenye baraza la madarasa. Kuchuchumaa mara kumi.

Machi 12, Jumatano

Kipenga alinizunguka mara mbili kama mteja anayekagua gauni, kisha akauliza kama cherehani yangu ni ya kukanyaga, na kama naikanyaga kwa mguu wa kulia. Nikasema ndiyo, miaka thelathini. Akasema ndiyo maana: kila nikiinuka, mguu wa kulia unabeba mzigo wote na wa kushoto unasindikiza tu. Mtu akinitazama kwa mbele ataona naweza. "Mguu wako wenye nguvu unamfichia mwenzake. Kuanzia leo wa kushoto utafanya kazi peke yake mpaka useme ukweli."

Nimeshona leo mashati manne ya shule na kichwani sikuwa na kingine. Nina mguu mmoja wenye nguvu mbele za Mungu, nao ni maombi. Watu wakinitazama kwa mbele wanaona naweza. Ni nini ninachokificha nyuma yake, sihitaji kupiga ramli. Nikifika mahali pa kuomba tusamehewe kama tunavyosamehe, ulimi wangu huenda mbio kidogo. Mara nyingi nimelitambua hilo. Nimelitambua nikalipita.

Machi 14, Ijumaa

Kipenga ametupanga wawiliwawili kwa urefu. Mimi na Wifi tunalingana, hata mabega. Nilitazama huku na huku nikitafuta mwanamke mwingine wa kimo changu, hakuna.

Zoezi lenyewe: mnasimama mmetazamana, mnashikana viganja na kifundo cha mkono, mnaegemea nyuma kila mmoja upande wake, mnashuka pamoja mpaka karibu na chini, mnapanda pamoja. Huwezi kushuka peke yako. Ukiogopa, mnayumba wote wawili. Mimi na Wifi tuliyumba mara saba, tukashuka mara moja.

Machi 17, Jumatatu

Mara tatu. Hatusemi neno, tunahesabu tu.

Machi 19, Jumatano

Mvua usiku kucha, uwanja umekuwa uji. Mara tano. Mikono ya Wifi ni mikavu na ina nguvu ambazo sikuzitarajia.

Machi 21, Ijumaa

Misuli haiumi tena asubuhi. Kipenga anasema mwili haujali ulichokusudia, unajua ulichokifanya jana na juzi. Nimemwomba Mungu anipe moyo wa kumpenda Wifi. Miaka sita naliomba hilo, na sasa najiuliza kama niliwahi kulifanyia zoezi hata siku moja.

Machi 24, Jumatatu

Mara nane, bila kuyumba. Tulipopanda mara ya mwisho Wifi alicheka, na kicheko chake ni kile cha kaka yake, kinaanzia puani. Nilifurahi, halafu papo hapo nikakasirika. Kicheko hicho kilikuwa changu nyumbani kwangu. Sikutaka kukikuta kwenye mdomo uleule ulionisuta mazishini.

Machi 28, Ijumaa

Naandika mchana, cherehani imefunikwa, wateja nimewaambia naumwa.

Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, Kipenga akaona tutoke uwanjani, majani yalikuwa mabichi lakini yanakanyagika. Tulikuwa tumeshuka mara nne. Mwenzetu mmoja akapita, akasema wifi na wifi mnapendeza. Wifi akamjibu, "Kaka angetuona leo angefurahi." Alisema vizuri, kwa upole. Nadhani alikuwa ananipa mkono kwa namna yake.

Tulishuka mara ya tano. Tulikuwa chini kabisa, uzito wake wote uko kwenye vidole vyangu na wangu kwenye vyake. Nikamtazama usoni nikawaza: kaka unamtaja sasa, na mwanamke aliyekaa naye miaka ishirini na mbili ulimfanya nini mbele ya jeneza?

Nikafungua vidole.

Sitaandika kwamba viliteleza. Vingeteleza ningejua. Nilivifungua. Alianguka kinyumenyume, akaweka mkono wa kulia nyuma kujikinga, nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu. Mimi nilikalia matope, sikuumia popote. Watu wakakimbilia. Kipenga akauliza kimetokea nini, nami nikasema, "Matope."

Neno moja tu. Wote wakatikisa kichwa, wakasema kweli, matope haya, tungebaki barazani. Wifi alikuwa ameshika mkono wake kifuani, macho kwangu.

Kifundo kimevunjika. Binti yangu ametoka hospitali sasa hivi, anasema shangazi yake kafungwa plasta mpaka karibu na kiwiko, wiki sita au saba. Kisha akanikumbatia akasema pole mama, umepata mshtuko.

Machi 30, Jumapili

Kanisa bila kinanda. Kiongozi wa kwaya alianzisha wimbo juu mno, sauti zikakatika njiani kama uzi mbovu. Mchungaji akaniomba nisimame nimwombee Wifi. Nikasimama. Niliomba vizuri, ndilo jambo linalonitisha. Maneno yalikuja yenyewe, mguu wa kulia ukabeba kila kitu, na watu wakasema amina.

Machi 31, Jumatatu

Sikwenda uwanjani. Nimesema goti.

Aprili 2, Jumatano

Sikwenda. Mvua.

Aprili 4, Ijumaa

Kipenga amekuja nyumbani baada ya vipindi. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniomba goti, akalikunja na kulikunjua, akabonyeza huku na huku. Akasema goti ni zima. Hakuuliza zaidi. Alipokuwa anavaa viatu akanieleza kwamba kazi yake kubwa si kufundisha watu kukimbia, ni kuwafundisha kutofautisha maumivu. Kuna maumivu ya msuli unaojengeka, hayo unayavumilia na kuendelea. Kuna maumivu ya kitu kilichochanika, na hayo mtu akijifanya jasiri akaendelea kukimbia nayo, anachana zaidi. "Hayo unasimama, unasema hapa panauma, unaonyesha kwa kidole."

Sijui kama anajua. Amemaliza chai niliyompa, akaenda.

Aprili 6, Jumapili

Hakuna kinanda. Nimeombwa kuomba, nikasema sauti imekauka.

Aprili 9, Jumatano

Nimekwenda.

Wifi anakaa vyumba viwili nyuma ya chekechea. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha watoto, kifupi, mkono umelala juu ya mto, anajaribu kumenya chungwa kwa mkono wa kushoto na meno. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Nimepanga hata mahali pa kutulia. Nilipofika mlangoni yote ikanitoka, nikabaki nimesimama na mwavuli unanidondoshea maji miguuni.

Nikasema, "Wifi, hayakuwa matope. Nilikuachia."

Akaweka chungwa chini.

"Najua," akasema. "Vidole vyako nilivisikia vinafunguka kimoja baada ya kingine. Mimi ni mpiga kinanda, vidole navijua."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, siku ile au hata hospitali. Akasema alitaka kuona nitasimama mara ngapi mbele ya watu kumwombea huku nikijua. Binti yangu alikuwa amempelekea habari zote za Jumapili, maskini, akidhani zinamtia moyo.

Nilipiga magoti pale sakafuni. Akaniambia niinuke, hapo si kanisani. Nikainuka. Nikamwomba msamaha nikiwa nimesimama, na niliona ni kazi nyingine kabisa, maana mtu aliyesimama anatazamwa usoni. Alisema mkono unamuuma na anataka kulala. Nilitaka angalau nimmenyee lile chungwa, akalivuta kwake.

Aprili 10, Alhamisi

Nimemwambia binti yangu. Hajaniita mama siku nzima. Jioni alifungasha nguo chache, kaenda kukaa kwa shangazi yake amsaidie.

Aprili 13, Jumapili

Jana nilimwona Mchungaji. Ni mtu mwema asiyependa mtikisiko, akasema tusikuze jambo, wawili mkishazungumza yatosha. Nikamwambia uongo niliusema mbele ya watu kumi na wawili na maombi niliyaomba mbele ya kanisa, kwa hiyo haitoshi. Leo baada ya ibada aliwabakiza akina mama. Nikasema nilichofanya, sikuweka sababu. Nikaomba mwingine aongoze maombi. Nikasikia mabati yanavyopigwa na mvua. Mama mmoja mzee alinishika bega akapita. Wengine walipita tu.

Aprili 14, Jumatatu

Nimerudi uwanjani. Hakuna aliyetaka kuwa mwenzangu, nami nisingemlaumu mtu. Kipenga amenipa ukuta. Mara kumi na tano, nimeegemea ukuta, mguu wa kushoto peke yake.

Aprili 15, Jumanne

Mteja kafuata kitambaa chake, anasema amebadili mawazo.

Aprili 16, Jumatano

Ukuta. Mvua kubwa. Baada ya mazoezi nilipita kwa Wifi kuchukua nguo za kufua. Hakutoka. Binti yangu alinipa kapu mlangoni.

Aprili 18, Ijumaa

Nimerudisha nguo, nimezipiga pasi. Nimechukua nyingine.

Aprili 21, Jumatatu

Ukuta. Nguo.

Aprili 23, Jumatano

Nguo. Binti yangu kaniita mama.

Aprili 25, Ijumaa

Nilidhani toba ni kama homa, inapanda usiku mmoja, ukitoka jasho asubuhi mwepesi. Sasa naona imefanana zaidi na hii mizunguko ya uwanja. Leo ni kama jana, hakuna anayepiga makofi, na mwili unaniuliza kila asubuhi kama ni lazima. Jambo moja nimeliona. Zamani nilikuwa nikimwomba Mungu abadilishe moyo wangu ndipo niende kwa Wifi. Sasa naenda kwa Wifi, na moyo unanifuata nyuma unalalamika, lakini unafuata.

Mei 2, Ijumaa

Wifi ameniita ndani.

Alitaka mambo ya kazi: magauni yake hayapiti kwenye plasta, amevaa kanga na fulana wiki tano, na wazazi wa watoto wanakuja Jumatatu. Nilikaa kitako sakafuni na mkasi mdogo, nikaanza kufumua mshono wa mkono wa gauni la bluu, nia yangu niweke vifungo pembeni ili avae kama koti. Binti yangu alikuwa kisimani. Tulikuwa wawili tu, na mvua nyepesi dirishani.

Nilikuwa nimefumua nusu aliposema, "Mwezi wa kwanza wa kukohoa, kaka alikuja hapa. Alikaa hapo ulipokaa. Akanionyesha leso, ina damu."

Mkasi ukasimama.

Akaendelea bila kunitazama. Alisema kaka yake alimwapisha asiniambie, nina kazi ya majoho, nitaacha kila kitu, tutakosa la kushika. Naye akaapa. Alimpa asali na limau. Miezi miwili alikuwa anaijua ile leso, na siku ya mazishi alipoona watu wananitazama kwa huruma, hakuweza kuibeba peke yake, akatafuta mtu wa kumtwika.

"Nilikuona una mabega," akasema. "Nikakutwika."

Miaka sita. Nimelala miaka sita nikisikia kikohozi kile na kelele za cherehani yangu. Nilitazama ule mkono mweupe kwenye mto na, Mungu aniponye, kwa muda mfupi nilifurahi kwamba umevunjika. Naandika hivyo kwa sababu nimekoma kuandika uongo. Nilimaliza mshono. Niliweka vifungo vitano, nikakata uzi, nikamvisha, nikamfunga. Sikusema nimekusamehe. Nilisema gauni limekaa sawa, nikatoka bila mwavuli.

Mei 5, Jumatatu

Sikuchukua nguo.

Mei 7, Jumatano

Sikuchukua nguo. Uwanjani mguu wa kushoto ulitetemeka nikakaa chini. Kipenga akasema kupumzika nako ni zoezi, msuli hujengeka siku ya kupumzika, ila mtu asije akahamia huko. Nikamuuliza mtu anajuaje kwamba amepumzika vya kutosha. Akasema anaanza kujitafutia sababu.

Mei 9, Ijumaa

Nilikuwa na sababu tatu nzuri. Nimekwenda kuchukua nguo. Wifi alikuwa mlangoni amevaa lile gauni. Nikamwambia nimekasirika, nimekasirika sana, na nitazileta Jumatatu. Akasema sawa.

Mei 12, Jumatatu

Nimezileta. Kaniuliza sukari inaendaje. Nikamwambia imeshuka. Hakuna zaidi.

Mei 16, Ijumaa

Plasta imetolewa. Binti yangu yuko kazini, kwa hiyo nilimsindikiza mimi. Mhudumu alikata kwa kimashine kinachonguruma, Wifi amefumba macho. Mkono uliotoka ndani ulikuwa mwembamba, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu, na kifundo kimekaa upande kidogo. Akajaribu kukunja ngumi, vidole vikaishia nusu. Nilitazama, sikugeuka, maana ni kazi yangu.

Mtaalamu wa viungo akampa kitambaa kilichokunjwa mviringo. Anaminya mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, ataona hakuna kinachobadilika na aendelee hivyohivyo. Wifi akauliza kama atapiga kinanda tena. Mtaalamu akasema wengine hurudi, wengine hurudi kiasi, yeye hamwahidi.

Tulikaa kwenye benchi la nje kusubiri dawa. Aliminya mara ya kwanza, jasho likamtoka. Mara ya pili. Mara ya tatu akapumzika, akasema, "Watu wanasema nimekusamehe, kwa sababu natembea na wewe."

Nikasema mimi sijasema hivyo.

"Bado. Nimekusamehe leo asubuhi, kidogo, wakati wa kuamka. Nilipouona huu mkono nikakunyang'anya." Akaminya mara ya nne. "Jioni nitajaribu tena. Nikiweza mara moja kwa siku, nimeweza."

Nikamwambia kuhusu leso mimi pia nipo hapohapo. Jumatano nimemsamehe kuanzia nyumbani mpaka kwenye kona ya duka, mvua ikaninyeshea, nikakasirika upya. Wifi akacheka kupitia puani. Nikakiacha kicheko kipite.

Tumehesabu pamoja mpaka kumi.

Mei 18, Jumapili

Kanisani. Wifi hakunitazama.

Mei 19, Jumatatu

Mvua imepungua. Wifi kaja uwanjani kutembea tu. Tumezunguka mara tatu, yeye mbele, mimi nyuma.

Mei 21, Jumatano

Alinisalimu vizuri. Mimi ndiye niliyegeuza uso.

Mei 23, Ijumaa

Jua. Leo tumeweza kusamehe sote wawili. Mara moja.